Mishale Miwili Mlangoni kwa Bi Asmahani

Walikuja Jumatano asubuhi, wanafunzi wa kidato cha tatu, sare zimepigwa pasi, kila kundi na mtaa wake wa Ng'ambo ya Tabora, na kila kundi na chaki yake. Wangekuja na kalamu tu, haya yote yasingetokea. Lakini mwalimu wao wa historia, Theodora Ngollo, alikuwa mtu wa kutaka somo lionekane kwa macho. Alichoka kufundisha watoto wanaokariri njia ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji kama wanavyokariri majira ya nukta ya hisabati, hali njia yenyewe ilipita hapohapo wanaponunulia maandazi.

Kazi aliyowapa ilikuwa rahisi. Ingieni kila nyumba, salimieni, ulizeni: mtu wa kwanza wa nyumba hii alitoka wapi, na alikuja kwa njia gani? Wakishajibiwa, wachore kwenye fremu ya mlango mshale unaoelekea huko alikotoka. Pwani ni mashariki, Ujiji na Manyema ni magharibi, Usukumani ni kaskazini. Jumamosi mwalimu angepita na simu yake kupiga picha milango yote, na picha zingebandikwa darasani, mji mzima uonekane ulivyojaa kutoka pande zote. Somo zuri kabisa, hakuna wa kulibeza.

Shida ni kwamba Tabora swali hilo huliulizi hivyo, mchana kweupe, na kitambulisho cha shule shingoni. Mji huu umejengwa na watu waliokuwa wakipita. Wako waliopita na mizigo, na wako waliopita wakiwa wenyewe ndio mzigo. Wajukuu zao leo wanakaa ukuta kwa ukuta, wanazikana, wanaozana, na wamekubaliana bila kuambiana kwamba kila mtu babu yake alikuwa muungwana, si wa kununuliwa. Sasa mwalimu analeta chaki!

Kwa Bi Asmahani walimkuta barazani, ameketi kwenye mkeka, kanga mbili, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Ni bibi wa miaka themanini na ushee, mjane; nyumba ni yake, vyumba vya mbele anakaa mwenyewe na vya uani amepangisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnauza nini?"

"Hatuuzi, bibi. Tunajifunza historia. Tunauliza mtu wa kwanza wa nyumba hii alitoka wapi."

Bi Asmahani hakusita hata kidogo. "Pwani. Bagamoyo. Babu yangu alikuja na msafara, yeye ndiye mwenye msafara, kilemba kichwani, punda wake mbele. Andikeni."

Wakaandika. Msichana mmoja, Julieth, akachora mshale mkubwa mzuri kuelekea mashariki. Kisha akachungulia ukumbini, akamwona mpangaji mmoja, Godeliva, uani anakaanga karanga za kupeleka sokoni. "Na wapangaji je, bibi? Nao tuwaulize?"

Godeliva alikuwa amesikia kila neno. Aliendelea kukoroga mchanga na karanga, akajibu bila kuinua uso. "Sisi Kasulu. Waha."

"Eh! Na mimi mama yangu wa Kasulu," Julieth akasema, akachangamka. "Kasulu sehemu gani, mama?"

Mwiko ukasimama kwenye kikaango. "Palepale... karibu na sokoni."

Julieth akatabasamu. Alitabasamu kwa sababu mama yake aliwahi kuwa na genge karibu na soko hilo, basi, hakuna kingine. Akachora mshale mdogo chini ya ule mkubwa, kuelekea magharibi, akaaga vizuri, akaondoka na wenzake. Godeliva akabaki na tabasamu lile. Karanga zote za kikaango kile ziliungua.

*

Kasulu hakuwahi kufika. Yeye na mumewe, Prosperi Nijimbere, fundi baiskeli, walizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliokimbia kutoka Burundi. Uraia walipewa, pamoja na wenzao wengi, na vyeti wanavyo. Lakini cheti hakimnyamazishi jirani. Walipokuwa wakiishi Nzega waliwahi kusema ukweli. Mwenye nyumba aliwasikiliza vizuri sana, akawapa pole kwa yaliyowapata wazee wao, na kabla ya wiki kuisha vitu vyao vilikuwa nje, godoro limeegemezwa ukutani, watu wanapita wanalitazama mpaka madoa yake. Tangu siku hiyo Godeliva akaapa kwamba popote watakapokwenda wao ni Waha. Wamekaa kwa Bi Asmahani miaka sita. Binti yao, Shukrani, amekulia uani pale, na bibi ndiye aliyemfundisha kusuka ukili.

Kufika adhuhuri, mtaa ulikuwa umeshachafuka. Bombani mama mmoja alisema mishale ni ya reli mpya, nyumba zenye mshale zitavunjwa. Mwingine akasema hapana, mbona nyingine imetazama huku na nyingine kule, reli gani hiyo? Mpaka wa tatu akasema lile ambalo kila mtu alikuwa analo moyoni. "Mshale unaonyesha unakorudishwa."

Basi likapita hilo. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Watu wakaanza kutazamana milango. Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, aliyechorewa magharibi, alitafuta chaki akaongeza kichwa cha mshale upande wa pili, ikawa haieleweki anatoka wapi wala anakwenda wapi. Wengine walimwaga maji. Wengine walining'iniza pazia. Na wale wa mashariki, lo, walifungua milango wazi tangu asubuhi mpaka jioni.

Aliyekasirika kuliko wote ni mjumbe, Nassibu, mwenye duka mkabala na nyumba ya Bi Asmahani. Mwalimu Theodora alikuwa amepita ofisi ya kata, akapewa ruhusa, akaona yatosha. Hakujua kwamba Ng'ambo hata jogoo akitaka kuwika lazima apige hodi kwa Nassibu kwanza.

"Mimi mjumbe sijui!" Nassibu alikuwa akimwambia kila aliyekuja kununua sukari. "Watoto wanapita wanachora milango ya watu wangu, mimi sina habari. Hapa kuna kitu. Serikali haichori bure. Kuna mtu mtaa huu anatafutwa, na asipopatikana tutabebeshwa sote."

Huku akisema, macho yake yalikuwa yanavuka barabara, yanatua kwenye ule mshale mdogo.

*

Godeliva aliufuta mwenyewe alasiri, kwa kitambaa kibichi. Mlango wa Bi Asmahani umepakwa rangi ya bluu, rangi ya zamani inayotoa unga. Chaki ikaenea, ikawa doa jeupe linaloonekana kutoka dukani kwa Nassibu.

"Mama Shukrani, unafuta nini?" Bi Asmahani aliuliza kutoka kwenye mkeka.

"Uchafu tu, bibi."

"Mbona wangu hukuufuta?"

Godeliva alikamua kitambaa akaingia ndani.

Prosperi aliporudi, mikono ina grisi, alimkuta mkewe anakunja nguo kitandani. Walisemezana kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, dirisha limefungwa ingawa joto lilikuwa kali.

"Yule mwanafunzi amejua," Godeliva alisema. "Alinicheka."

"Amejua nini? Mtoto yule?"

"Alitumwa. Unadhani shule inahangaika na wapangaji? Wanaanza kwa watoto, halafu wanakuja wakubwa. Nzega ilianzaje?"

"Nzega tulisema wenyewe."

"Na hapa nimedanganya, Baba Shukrani. Kudanganya ni kubaya zaidi wakikugundua."

Prosperi alikaa kwenye ndoo, akajifuta mikono taratibu. Ni mtu mpole, wa kungoja mambo yapite. "Bi Asmahani hawezi kututupa," alisema. "Tumwambie yeye ukweli, basi."

"Mwenye nyumba wa Nzega naye tulisema hawezi."

Lile liliufunga mjadala. Wakala wali wameinamia sahani, na Shukrani akawatazama mmoja baada ya mwingine, asijue alichokosa.

*

Alhamisi Nassibu akavuka barabara. Haendi kwa mtu bila sababu, na Godeliva, aliyekuwa anafua uani, alimwona kupitia ukumbi: amechuchumaa barazani kwa Bi Asmahani, anaongea kwa mikono, ananyoosha kidole ndani. Bi Asmahani anasikiliza. Bi Asmahani anatikisa kichwa, lakini kutikisa kwenyewe kwa mbali hakujulikani ni kwa kukataa au kwa masikitiko. Kisha Nassibu akasema jambo kwa sauti, makusudi, lisikike: "Mpaka Jumamosi, bibi. Kila mwenye nyumba amtoe mpangaji asiyejulikana asili yake. Nitaita kikao. Sitaki lawama!"

Kumbe alichojibiwa ni hiki, kwa sauti ya kawaida ya bibi aliyechoka: "Kwangu hatoki mtu, Nassibu. Nilikubeba mgongoni wewe, usinipandishie sauti." Lakini Godeliva hilo hakulipata. Maji ya nguo alizokuwa akikamua yalikuwa yanachuruzika, yakafunika sauti ya bibi.

Jioni ile bibi hakuita kusuguliwa miguu kama kawaida yake. Alikuwa amefunga chumba, anawaza. Na asubuhi ya Ijumaa, Godeliva alipotoka bombani, alimkuta Shukrani amekaa na bibi kwenye mkeka, vichwa vimekaribiana.

"Bibi kakuuliza nini?" alimvuta mtoto chumbani.

"Kaniuliza jina."

"Jina la nani?"

"La bibi mwingine. Mama yako wewe. Anaitwa nani, na mama yake alikuwa anaitwa nani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia Koleta. Yule mwingine nikasema sijui." Mtoto akaanza kuogopa. "Nimekosea, mama?"

Godeliva aliketi chini. Koleta! Jina la mama yake limeshatoka, liko mikononi mwa watu, na kesho ndiyo Jumamosi. Ndiyo wanavyokusanya, alijiambia: kwanza mtoto wa shule, halafu mjumbe, halafu mwenye nyumba mwenyewe kwa mdomo mtamu kwa mtoto wako. Miaka sita anampikia bibi huyu ugali na mlenda, anamsugua miguu, anamshika mkono kwenda chooni wakati wa mvua. Kikulacho ki nguoni mwako. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akafunga kitenge akatoka.

*

Kulikuwa na kitu kimoja alichokijua yeye peke yake.

Kila mwaka mwezi wa Shaabani Bi Asmahani husomesha hitma kwa wafu wake. Kuku huchinjwa na Nassibu, Godeliva hupika, na majina ya marehemu husomwa kabla ya dua, kila jina na la baba yake: fulani bin fulani, fulani binti fulani. Lakini msomaji bibi hamchukui mtaani. Humleta maalimu mmoja mzee kutoka Usinge, karibu kipofu, ambaye hana wa kumsimulia hapa mjini. Mwaka mmoja Godeliva, nyuma ya pazia na sinia la pilau, alisikia majina yote, na la mwisho likaja peke yake. Tabu. Maalimu alitaka kuongeza "binti Abdallah", kama wanavyofunikwa wasiojulikana baba, na bibi akamkata: "Msome hivyohivyo. Mungu anamjua."

Godeliva alimuuliza baadaye, wakiosha vyombo, kwa ujinga tu wa mtu wa dini nyingine: "Bibi, huyu Tabu mbona hana baba?"

Bi Asmahani aliosha mpaka sahani zikaisha. "Ni bibi yangu mzaa mama," akasema. "Alinunuliwa njiani, huko Manyema, mtoto mdogo. Jina hilo alipewa na aliyemnunua. Sijamwambia mtu mtaa huu. Wewe nakwambia kwa sababu na wewe una lako unaloficha, naliona. Sikuulizi."

Hakumuuliza kweli, hata siku moja.

Hilo ndilo Godeliva alilovuka nalo barabara siku ya Ijumaa, Nassibu akiwa anafunga duka kwenda msikitini.

"Mjumbe, shikamoo. Nina neno."

"Marahaba. Sema, mama, nina haraka."

"Kama ubaya ni mshale wa magharibi, mbona mnatutazama sisi tu? Muulizeni mwenye nyumba wangu bibi yake alitoka wapi."

Nassibu aliacha kufuli likining'inia. Haraka yote ikamwisha. "Bi Asmahani? Bi Asmahani ni wa pwani."

"Ndivyo anavyosema."

"Hebu keti," Nassibu akasema, akamsogezea kreti ya soda, akaipangusa vumbi kwa mkono wake mwenyewe. "Keti, mama yangu. Unajua nini?"

Akasema. Alipoanza alitaka kusema nusu, lakini mambo haya hayana nusu. Yakatoka yote, maalimu wa Usinge, pazia, jina lisilo na baba. Alipomaliza, Nassibu alimpa maji, akamwahidi kwa kiapo kwamba chumba chake hakuna atakayekigusa, kwamba mama mkweli kama yeye ni hazina ya mtaa. Godeliva akarudi uani. Bi Asmahani alikuwa anamngoja.

"Mama Shukrani, njoo nikuambie neno la kesho," bibi alisema.

"Nina kazi, bibi," Godeliva akajibu, akapita bila kumtazama.

*

Jumamosi watu walijaa mbele ya duka la Nassibu. Mwalimu Theodora alikuja na wanafunzi wake kupiga picha, akakuta kikao badala ya milango. Alijaribu kueleza. Alisema ni somo tu, hakuna reli, hakuna wa kurudishwa popote. Watu walimsikiliza kwa adabu na hawakumwamini hata neno.

"Mwalimu, samahani," mzee wa mshale wa vichwa viwili alimwambia. "Kama ni somo tu, kwa nini mmeandika kwenye milango yetu, siyo kwenye madaftari yenu?"

"Nilitaka watoto waone, mzee."

"Basi na wengine wameona."

Nassibu akaingilia, amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumamosi. "Jamani, tusimlaumu mwalimu. Mwalimu katusaidia. Nyumba moja tu mtaa huu ina mishale miwili, na mmoja umefutwa. Anayefuta ana lake! Tukawauliza watoto, tukachunguza. Mpangaji anasema Kasulu, na ukimuuliza Kasulu wapi anasema sokoni. Sasa mtu anazaliwa sokoni?"

Watu wakacheka. Godeliva, aliyesimama nyuma na mumewe, alimtafuta Nassibu kwa macho. Nassibu hakuwa na macho naye.

"Na mwenye nyumba," Nassibu akaendelea, sauti ikashuka, ikawa tamu, "mama yetu Bi Asmahani, tunamheshimu. Lakini juzi nilimwomba amtoe mpangaji, akanifokea. Nikajiuliza, anamkingia kifua kwa nini? Sasa nimejua. Bibi, pwani si kwenu. Tumesikia kuna mtu anaitwa Tabu. Tabu hana baba, Tabu alinunuliwa. Mwenye nyumba mwongo, mpangaji mwongo, nyumba nzima ya uongo!"

Kicheko kikakatika. Neno hilo Ng'ambo halijatamkwa hadharani, na hata waliokuwa wakitamani kulisikia waliinamisha vichwa. Bi Asmahani alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki alicholetewa. Hakumtazama Nassibu kabisa. Aligeuza kichwa polepole, miwani na uzi wake, akapitisha macho kwenye umati mpaka akamfikia Godeliva. Hapo yakasimama.

Watu wote walimwona anamtazama. Prosperi akageuka akamwona mkewe uso, akajua na yeye. "Godeliva," alisema kwa sauti ya chini, "umefanya nini?"

Bi Asmahani akashika mkongojo wake akasimama.

"Kweli," alisema. "Tabu ni bibi yangu mzaa mama. Aliletwa kutoka Manyema kwa miguu, kamba shingoni, hajaota hata meno ya utu uzima. Yule mwenye kilemba na punda nimemtunga mimi, nilipokuwa msichana, watoto wenzangu waliponicheka. Nyumba hii kajenga Tabu. Kauza togwa njiani kwa wapagazi mpaka kapata miti. Wewe Nassibu, mama yako alijifungua wapi mwaka ule wa njaa? Chumba cha Tabu. Haya, umeshasema. Umeshiba?"

Nassibu akakohoa. "Bibi, mimi sina ubaya. Swali ni mpangaji—"

"Sijamaliza. Huyu Godeliva si mpangaji."

Watu wakasogea karibu.

"Mama yake anaitwa Koleta," Bi Asmahani alisema. "Koleta ni wa kwetu, upande wa Tabu, huko huko magharibi. Nilitaka kuwaambia mwenyewe leo, kwa mdomo wangu, nikawa nimejipanga. Nimewahiwa. Ni mtoto wangu huyu. Anayemtoa anitoe na mimi, na atafute pa kuniweka."

Godeliva alisikia jina la mama yake likitoka kwenye kinywa cha bibi yule, mbele za watu, likiwa limevikwa ukoo usio wake. Hapo ndipo alipoelewa bibi alikuwa anamuuliza mtoto nini, na kwa nini. Alifunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyemsogelea, hata mumewe.

Nani angebisha? Kumtoa mtu kwenye nyumba ya ukoo wake hadharani, hilo Nassibu hakuliweza. Alisema "kama ni ndugu, basi ni ndugu," akaanza kutafuta funguo za duka mfukoni. Watu wakatawanyika wawili wawili, wanaongea chinichini, na wengi walipita mbele ya kiti cha Bi Asmahani wakamshika mkono. Mwalimu Theodora naye alikuja, simu ameiweka kwenye mkoba.

"Bibi, nisamehe. Sikujua."

"Ulipouliza tulikotoka, mwalimu, ulidhani tunangoja kuulizwa?" Kisha akamwona Julieth nyuma yake, machozi yanamlengalenga, na akalegea. "Una chaki wewe? Njoo urekebishe mlango wangu. Miwili yote iende upande mmoja."

*

Godeliva alipiga magoti ukumbini kabla bibi hajafika kwenye mkeka.

"Nisamehe, bibi. Niliogopa. Nilidhani unanitoa."

"Najua ulichodhani." Bi Asmahani alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Ungeniuliza."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nimeshasema mbele za watu wewe ni mwanangu, sirudi nyuma. Kaeni. Chumba ni chenu mpaka mtakapochoka wenyewe." Akavaa miwani tena. "Ila chakula changu usinipikie tena."

"Bibi!"

"Kusamehe ni kitu kimoja, na kula ni kingine. Nenda kaangalie karanga zako."

Siku hiyo hiyo alimtuma Shukrani kununua jiko dogo la mkaa. Sasa ikifika jioni unaweza kumwona barazani, chini ya ile mishale miwili ambayo vumbi limeanza kuifuta, amechuchumaa na mikono yake inayotetemeka, anapepea kwa kifuniko cha ndoo. Moshi unamkohoza. Ugali wake huungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili, na huula hivyohivyo. Prosperi huenda kumsaidia kuwasha moto, na bibi hukubali. Godeliva akitoka tu uani, kifuniko husimama mpaka arudi ndani.

Jioni moja Shukrani alikuwa ameegemea mlango wa ukumbi akimtazama, kisha akaja kukaa karibu na mama yake.

"Mama, kwani Bi Asmahani si ndugu yetu?"

Godeliva alikuwa anapepeta karanga. Kutoka barazani kikohozi kilisikika, kikakatika, kikaanza tena.

"Ni ndugu yetu," alisema.

"Mbona basi anapika peke yake?"

Godeliva akaendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki mtupu.